Kadi ya Kumpongeza Mama kwa Kuzaliwa

Mama mkwe wangu ninaye mara mbili. Mmoja anaishi Kiganjo, ana ng'ombe wawili na maoni juu ya kila jambo chini ya jua. Wa pili analala chumba kinachopakana na changu hapa mjini Nyeri, ana miaka kumi na minne, na leo asubuhi ameniambia kwamba chai yangu ni maji ya moto tu yenye rangi. Huyo wa pili ni binti yangu wa kwanza. Kwetu sisi Wagikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na hapewi jina peke yake, anapewa mtu mzima na tabia zake zote. Kwa hiyo mimi nimemlea mama mkwe wangu. Nimembadilisha nepi, nimemfundisha kusoma, na siku moja nikamchapa kwa kuruka kutoka juu ya tangi la maji. Yule wa Kiganjo alipopata habari alinipigia simu. "Kwani nimekukosea nini mpaka unichape?" Na hakuwa anacheka.

Ndivyo tunavyoongea. Mtoto akipewa jina lako, umezaliwa upya, na hakuna anayeona ajabu ukisema "mimi" ukimaanisha kitoto kinachotambaa sakafuni.

Foleni yenyewe inajulikana na kila mtu. Mvulana wa kwanza ni baba ya mume, msichana wa kwanza ni mama ya mume. Upande wa mke hungoja. Mvulana wa pili ndiye baba yangu, msichana wa pili ndiye mama yangu. Mimi nilianza na msichana, nikafuata na mvulana, Kiganjo wakashiba. Mtoto wa tatu akawa mvulana tena, na hapo baba yangu kule Mukurweini akazaliwa, na tangu siku hiyo nyumba ya wazazi wangu haijapata amani.

"Mimi niko Nyeri nakunywa maziwa," baba alimwambia mama kila jioni. "Leo nimetoa jino. Wewe uko wapi?"

"Niko hapa nakupikia," mama alijibu.

"Pole sana. Utazaliwa tu."

Ilikuwa mzaha, na mama alicheka. Lakini mimi ni mtoto wao wa pekee. Hakuna kaka yangu Nairobi wala dada yangu Nakuru atakayesaidia. Nisipomzaa mama yangu mimi, hakuna mwingine wa kumzaa, na sote watatu tulilijua hilo. Marafiki zake wa kanisani walikuwa wamezaliwa hadi wamechoka, wengine mara nne, mara tano, wakija Jumapili wanaanza, "Mimi yule wa Thika ameanza nasari." Mama anawasikiliza, anawapongeza, anaendelea kupanga vikombe vya chai. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja, "Na mimi je?" Angeniuliza ningemjibu kwa ukali, kwa maana mimi hasira zangu ziko karibu, kisha yangekwisha. Lakini alinyamaza, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Miaka ikasonga. Nikagawa nguo za watoto, nikagawa beseni la kuogea, nikatangazia kila aliyetaka kusikia kwamba nimefunga duka. Halafu, mwaka wa arubaini na moja wa maisha yangu, duka likajifungua lenyewe. Nilimkasirikia mume wangu wiki nzima kana kwamba yeye alikuwa huko peke yake. Kisha nikampigia mama.

"Kula vizuri," akasema. Basi. Hakusema kingine.

Nilielewa. Yule kijana wa pili alipozaliwa niliwapigia simu nikiwa bado kitandani hospitalini, baba akaweka sauti ya nje, na niliposema "ni mvulana" nikasikia kiti kikianguka, baba akicheza sebuleni na viatu vyake vya gamubuti. Nyuma ya kelele hizo mama alisema, "Asante Mungu. Mtoto ni mtoto." Alisema vizuri kabisa. Ni mimi tu niliyesikia jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kulisema.

Safari hii alijipanga. Mwezi mmoja kabla ya siku zangu aliteleza akibeba nyasi za ng'ombe, akavunjika mguu, wakamfunga plasta hadi gotini. Kumaanisha asingeweza kuja kunipikia uji, na hilo lilimchukiza kuliko maumivu. Akanipigia.

"Ukijifungua niambie kama mko wazima. Mengine usiniambie kwa simu. Unasikia? Nitamwona kwa macho yangu mkifika hapa. Na usimwambie huyu."

"Huyu" alikuwa baba, ambaye nilimsikia akiuliza, "Huyu nani?"

Nilijifungua kwa kupasuliwa, siku ya Alhamisi, kulipokuwa kunapambazuka. Daktari akasema ni msichana. Nikamwambia aangalie tena. Akasema tena ni msichana. Nikaanza kucheka pale pale mezani, nikacheka hadi nesi akanisihi, "Tulia, mama, bado unashonwa." Mume wangu, ambaye hata kwenye mazishi hutazama kando asionekane, alilia waziwazi. Jina hatukulijadili. Lilikuwa limengoja mlangoni miaka mingi.

Nyumbani nikampigia mama. "Tuko wazima wote wawili."

"Asante Mungu," akasema, na akakata simu kabla sijaropoka. Huyo ni mwanamke mwenye nguvu.

Baba hana nguvu hizo. Kesho yake alimpigia kijana mwenye jina lake. "Sikiliza," akamwambia, "wewe ni mimi. Mtu hawezi kujificha siri mwenyewe. Mtoto ni kijana ama ni msichana?" Mwanangu akamtazama dada yake, mama mkwe wangu mdogo, aliyekuwa amekunja mikono mbele yake. "Guka," akasema kwa huzuni, "nikisema mimi na wewe tutachapwa."

Sasa, wazo la kadi lilitoka wapi. Nilijua jinsi mambo yatakavyokuwa tukifika Mukurweini. Baba atafungua mlango wa gari kabla halijasimama, atachungulia kwenye shuka, atapiga kelele, majirani watakuja mbio, na habari ya mama itamfikia mama akiwa wa mwisho, imeshashikwashikwa na watu wote. Sikutaka hivyo. Nilitaka aipate yeye kwanza, kimya, japo kwa dakika moja. Na mama anaheshimu karatasi. Karatasi yenye muhuri hasa, anaifunga kwenye nailoni na kuiweka chini ya godoro. Karatasi isiyo na muhuri anawashia moto.

Madukani kuna kadi, lakini zote ni za waridi na maneno ya Kizungu, na hakuna hata moja ya kumpongeza mwanamke mzima kwa kuzaliwa kwake. Basi nikasema nitaitengeneza mwenyewe.

"Mathe, wewe?" binti yangu akauliza. "Wewe hata moyo huwezi chora."

"Nitapiga mihuri. Sichori."

"Mihuri ya nini?"

"Ya kahawa inayolimwa na cucu, nyanya yako wa Mukurweini. Majani na matunda. Wewe si umefanya hiyo kazi shuleni? Nisaidie ama uondoke."

Hakuondoka. Akachukua uongozi mara moja, kama ilivyo desturi yake huko Kiganjo na hapa.

Mume wangu tulimtuma kwenye duka la vitabu la Wahindi pale mjini, alete karatasi nzito na pedi za wino, nyekundu na kijani. Mama mwenye duka, ambaye familia yake iko Nyeri tangu babu zake na ambaye Kikuyu chake ni kisafi kuliko cha watoto wangu, alimuuliza ni za ofisi gani. Alipoelezwa alifurahi, akatoa karatasi nzuri ya rangi ya maziwa kutoka rafu ya nyuma. Lakini kijani ilikuwa imeisha. Ilibaki nyekundu na zambarau, ile ya mihuri ya machifu.

"Majani ya zambarau?" binti yangu akasema, akishika pedi kwa vidole viwili.

"Cucu hatajali."

"Cucu ni mkulima, mum."

Nikamwambia aache ubishi, alete viazi tuchonge. Viazi havikuwepo, ndugu zake walikuwa wamevimaliza. Kilichojaa jikoni ni nduma, ambayo wengine huiita magimbi, gunia zima, kwa sababu mama mkwe wangu mkubwa aliniletea nduma na njahi, yale maharagwe meusi, ili nipate maziwa. Nikachukua nduma moja mbichi, ngumu, nzuri, nikaikata katikati kwa kisu, na nikakaa kuchonga jani kwa wembe. Nduma inachongeka vizuri ajabu. Nilianza hata kuimba.

Naomba mnielewe. Mimi nimekula nduma maisha yangu yote, lakini nimeijua ikitoka kwenye sufuria. Kwetu huchemshwa na maganda yake, unamenya ikiwa imeiva. Utomvu wa nduma mbichi sikuwa nimekutana nao. Ulianza kwenye vidole, ukapanda viganjani, ukafika kwenye vifundo vya mikono, na ndani ya muda mfupi nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni nikipiga mayowe. Kuwasha gani huko! Unajikuna, na pale ulipojikuna ndipo panaposhika moto. Nikaosha kwa maji ya baridi, yakazidisha. Nikaosha kwa sabuni, ikawa ni kama naichochea. Na wakati huo huo, bila shaka, mtoto akaamka akitaka kunyonya.

"Usimguse!" mume wangu akapiga kelele.

"Simgusi! Mlete wewe!"

Basi mama yangu mchanga alinyonya siku ile akiwa ameshikiliwa na mume wangu mbele ya kifua changu, mimi nimeinua mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi, nikilia na kucheka, huku mama mkwe wangu mdogo amekaa sakafuni hana hewa kwa kicheko. Nilimtukana nikiwa pale pale mikono juu. Akacheka zaidi. Mwishowe alimpigia simu yule mkubwa, akaambiwa nipashe mikono juu ya moto na kuisugua kwa chumvi. "Na mwambie," sauti ikatoka kwenye simu, "hata mimi nikiwa na miaka sita nilijua hiyo." Nikafanya hivyo juu ya gesi. Ilichukua muda, lakini ilipoa.

Jani, hata hivyo, lilikuwa zuri. Binti yangu akavaa mifuko ya mkate mikononi kama glavu, akamalizia kuchonga mishipa yake, akalikausha kwa kitambaa, akaligandamiza kwenye zambarau. Alilipiga kwenye karatasi kwa kiganja, akahesabu moja mbili kimoyomoyo, akaliinua. Jani likabaki. Jani hasa, na kingo zake zenye mawimbi. Nikapiga makofi.

"Usinimwagie sifa, kuna lingine," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Matunda ya kahawa tuliyapiga kwa kile kiraba kilicho nyuma ya penseli. Unakichovya kwenye nyekundu, unakigusisha karatasini, tunda limeiva. Ni kazi tamu hiyo, hutaki kuacha. Tuliharibu karatasi kadhaa. Moja niliilalia kwa kiwiko. Nyingine wavulana waliichukua wakajaribu, kisha wakatoka na penseli zao, na tulipokuja kushtuka kahawa ilikuwa imezaa ukutani kuanzia jikoni hadi choo. Siku nyingine ningewafukuza kwa mwiko. Siku ile nilitazama ukuta nikaona umependeza.

Ya mwisho ilitoka safi. Tawi moja limeinama kwa uzito wa matunda, majani yake ya kichifu yakiwa pande zote mbili. Ikabaki kuandika ndani, na hapo binti yangu akanipa kalamu na kusimama kando. "Hiyo ni yako," akasema, kwa upole ambao sikuuzoea kutoka kwake.

Nilikaa na ile kalamu muda mrefu. Mtu aliyezaliwa unamwambia nini? Kisha nikaona nimwambie tu yaliyotokea.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukashuka Mukurweini. Nilikuwa nimepanga mambo kama jenerali. Mume wangu abaki garini na mtoto, milango imefungwa. Wavulana wamkamate baba, wamwonyeshe chochote, ng'ombe, kiatu, chochote. Binti yangu alinde mlango. Baba alikuwa langoni anangoja na kofia yake nzuri, na wajukuu wawili wakamrukia kila mmoja na mkono wake, wakamvuta kuelekea zizini huku akipinga, "Ngoja kwanza! Hebu ngojeni! Nani ameficha mtoto?"

Mama alikuwa barazani, mguu wenye plasta juu ya stuli. Alikuwa amesuka nywele, amevaa nguo ya kanisani. Alitazama mikono yangu ikiwa mitupu, akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Anakuja, Maitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwa Kikuyu. "Shika hii kwanza."

Akaipokea. Akavaa miwani yake, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule anayesubiri matokeo.

"Hii ni kahawa," akasema.

"Ndiyo."

"Ina ugonjwa. Majani yamekuwa zambarau."

Nyuma yangu nikasikia binti yangu akikohoa.

"Maitu, fungua tu."

Akafungua. Mama husoma polepole, midomo ikicheza, kidole kikitembea chini ya maneno. Nilikuwa nimeandika kwa Kikuyu, na kwa Kiswahili ni kama hivi: jina lake kwanza, lote, lile la kwao na la ubatizo. Chini yake: "Umezaliwa Nyeri siku ya Alhamisi kukipambazuka. Umefika salama. Ulilia kwa sauti hadi nesi akasema huyu atakuwa na lake la kusema. Una nywele nyingi. Unapenda kunyonya na hupendi kuogeshwa. Tulikungoja sana. Pole kwa kukuchelewesha. Karibu nyumbani, Maitu."

Kidole kilipita jina bila kusimama, kwa maana alidhani ni kadi tu imeandikwa kwake. Kikafika "umezaliwa," kikasimama. Kikarudi kwenye jina. Kikashuka tena. Nikaona mdomo wake ukilisema neno hilo bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Aliposoma hadi mwisho alivua miwani, akaiweka mapajani, akaniangalia kwa uso ambao sijawahi kuuona kwa mama yangu, uso wa msichana.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Usinidanganye."

"Maitu, ni wewe. Uko kwenye gari."

Hakulia. Alishika mkono wa kiti, akasimama kwa mguu mmoja kabla sijamfikia, akageuza uso kuelekea kahawa yake pale chini, na akapiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya bonde. Kwetu mvulana hupigiwa vitano, msichana vitatu. Kule zizini baba alinyamaza kusikiliza. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kisha kimya. Nikamwona akingoja cha nne, na kilipokosa kuja alivua kofia yake nzuri, akairusha juu ya paa la zizi, na akaja mbio na zile gamubuti zake akipiga kelele, "Amezaliwa! Bibi yangu amezaliwa!" Majirani wakajitokeza kwenye ua kama nilivyojua. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya baraza nikalia kwa furaha bila aibu yoyote.

Mume wangu akaleta mtoto. Mama alikuwa amekaa tena, amenyoosha mikono. "Nipeni nijione," akasema.

Akamfunua shuka usoni. Mama hana picha hata moja ya utotoni. Mama yake alikufa mapema, na hakuna aliyebaki wa kumwambia alikuwa mtoto wa namna gani. Alimtazama yule mtoto kwa utulivu, paji la uso, masikio, zile nywele nyingi, akazigusa kwa nyuma ya kidole. Baba alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akichungulia.

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi," mama akasema.

Machozi yalikuwa yanamshuka sasa, nayo hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Akambusu mtoto kichwani. Kisha akatulia, akapitisha kiganja chini ya shuka, akainua macho akatutazama sote kwa ukali.

"Na mnasimama tu hapo mnaniangalia? Nimekojoa. Nibadilisheni!"